Karandinga la Baba na Macho ya Bibi

Harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na kutu ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani kwetu Mafiga, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi. Wenzangu shuleni walinukia sabuni na mafuta ya nazi. Mimi nilinuka gereji. Baba alikuwa na kopo ambamo aliloweka kila nati aliyoifungua, na jioni akitoka kazini alikaa kwenye kigoda uani akizisugua moja moja kwa brashi ya waya, huku wingu la Uluguru likishuka polepole nyuma ya paa letu. Alisugua kwa subira ambayo hatukuwahi kuiona sisi wanawe tulipokosea hesabu. Mama alisema laiti naye angekuwa nati, labda angeangaliwa namna ile. Kisha alicheka, akampelekea chai.

Kitu chenyewe kilikuwa karandinga: Landrova kuukuu ya polisi, nyuma ina chumba cha bati chenye madirisha ya nondo na mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana. Sisi watoto tukiliona gari la namna hiyo linakata kona tulikuwa tunaacha mchezo, hata kama hatujaiba kitu. Baba alikuwa dereva wa polisi katika ujana wake, kisha akaacha akawa anaendesha malori ya kiwandani. Karandinga lile alilikuta kwenye mnada wa magari chakavu, injini haiwaki, tairi hazipo, kuku wametaga chini ya usukani. Akalivuta kwa trekta mpaka uani kwetu. Majirani walidhani amechanganyikiwa, maana mtu mwenye akili zake hulikimbia karandinga, halikaribishi nyumbani.

Karibu mwaka mzima tuliishi nalo. Kifaa kilichovunjika nilikitia kwenye kikapu nikaandamana na Baba hadi Mwembesongo, tukazunguka kwa mafundi wa gereji bubu tukikilinganisha na vyuma vyao, mpaka mmoja aseme kuna kinachofanana nacho chini ya kitanda chake. Tulikwangua rangi kwa msasa, tabaka baada ya tabaka, tukitafuta ile bluu ya zamani. Baba aliandika barua ya kuomba ruhusa polisi, akaruhusiwa rangi lakini si kuandika neno POLISI, na king'ora akaambiwa ni cha kujifurahisha uani, barabarani marufuku. Alilishika agizo hilo kama dini. Viti alivishona Mzee Maganga, jirani yetu, Mnyamwezi aliyeletwa Morogoro na reli na kubakishwa na ndizi za Waluguru, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Alikuwa na sindano ndefu na mdomo mrefu zaidi.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Matombo, mlimani. Macho yake yalikuwa yanafunikwa na mtoto wa jicho: la kushoto lilikuwa limeshazima, la kulia lilikuwa linafuata. Daktari wa mjini alikuwa amesema apasuliwe mapema, na baada ya hapo akae karibu na hospitali kwa wiki kadhaa. Yaani akae kwetu. Mama alishatandika kitanda na kufua chandarua. Mimi nilikuwa na mpango wangu wa kumpokea, na sikumwambia mtu.

Siku aliyofika nilikuwa nimekaa nyuma ya usukani. Nilimwona akiingia getini na mkungu wa ndizi kichwani, fimbo mkononi, akipapasa njia kwa mguu. Nikabonyeza kitufe chekundu. King'ora, ambacho Baba alikuwa amekitengeneza juzi yake tu, kililia hadi kuku wa majirani wakaruka ua. Nilitarajia acheke. Bibi alisimama, akaliangalia kwa lile jicho lake moja lile umbo kubwa la bluu lililokuwa mbele yake, akautua mkungu chini taratibu, akageuka. Mama alimkimbilia bila viatu mpaka kituo cha mabasi, akambembeleza, lakini Bibi alipanda gari la kurudi Matombo mchana uleule. Mkungu ulibaki getini. Uliiva, ukaoza, na hakuna aliyethubutu kuupika.

Jioni Mama aliniita tuchambue mchele, mchele wa Turiani uliojaa vijiwe, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Bibi alipofiwa na mumewe alipika pombe ya moshi ili watoto wasome. Siku moja ya gulio alikamatwa, akapandishwa kwenye karandinga mchana kweupe, mbele ya watu aliosali nao na kulima nao, na mtungi wake ukapakiwa pembeni yake kama ushahidi. Mama, wakati huo msichana, alilifuata gari kwa miguu hadi mjini, akampelekea mama yake chakula. Dereva kijana akamhurumia, akamtafutia maji ya kunywa na mahali pa kukaa. Dereva huyo ndiye Baba. Na gari lilikuwa hilihili. Baba alilitambua pale mnadani kwa mbonyeo wa kwenye mlango ambao aliusababisha yeye mwenyewe. Yeye aliliona ni gari lililompa mke. Hakuwaza kwamba kuna mtu mwingine aliyelikumbuka kwa jingine. Nilimuuliza Mama ilikuwaje basi Bibi akakubali ndoa. Akasema Bibi alimjibu hivi: "Mkwe nimemsamehe. Gari sijalisamehe."

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Nililia, maana kovu la Bibi mimi ndiye niliyelitonesha, na kwa king'ora. Baba hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda chake bila kushika brashi, na kesho yake akatangaza kwamba atawaita watu wa vyuma chakavu walikate, ili Bibi asikie kwamba halipo. Mzee Maganga, aliyekuwa amekuja kushona upindo wa kiti cha mwisho, ndiye aliyemzuia. Alisema mkwe hana mdomo mbele ya mama mkwe wake, hata akikata magari kumi, lakini yeye Mnyamwezi ni mtani wa Waluguru, na mtani huingia hata msibani akamchekesha mfiwa, na hakuna wa kumkasirikia.

Jumamosi tukapanda mlima kwa karandinga lenyewe, Baba, Mzee Maganga na mimi. Tulipokaribia kwa Bibi, Mzee Maganga alimwambia Baba asimamishe gari, akachuna kamba ya mgomba, akaniamuru nimfunge mikono, akaenda kukaa nyuma kwenye benchi. Bibi alikuwa kizingitini akiambua maharage. Alipousikia muungurumo, aliusukuma ungo pembeni akasimama. Baba alizima injini, akainamisha kichwa juu ya usukani kama mtoto aliyevunja chungu. Mimi nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo sauti ikatoka kwenye nondo.

"Mke wangu, njoo uniangalie. Nimekamatwa."

"Kwa kosa gani, Mnyamwezi?" Bibi aliuliza bila kusogea.

"Nimeiba ndizi za Waluguru, tangu nije na treni sijaacha. Mkweo amenifunga, lakini anasema komeo ni lako."

Bibi alikuja akipapasa ubavu wa gari mpaka nyuma. Aliligusa komeo, akapitisha kidole juu yake, akarudia. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye siku ile alikaa palepale, karibu na mlango, na mtungi miguuni. Mzee Maganga aliacha kucheka.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana leo nimekaa mimi."

Bibi akaubamiza mlango, akalisukuma komeo hadi mwisho, akajifunga kanga vizuri, akaja upande wa mbele.

"Mkwe," alisema, "nifungulie. Mimi nakaa mbele."

Tulishuka naye, mimi katikati, na njia nzima Mzee Maganga aliwalilia wapita njia kwamba amekamatwa na kikongwe wa Kiluguru, wamwokoe. Ilikuwa siku ya gulio. Tulipolikaribia, Bibi aliniuliza lile dude linalolia liko wapi. Nilimtazama Baba, mtu aliyelishika agizo kama dini. Akayatazama mawe ya barabarani. Nikakiongoza kidole cha Bibi hadi kwenye kitufe, naye akabonyeza, hakuachia. Wanawake wawili walinyakua mitungi yao wakakimbilia migombani. Mwanamke mmoja wa makamo ya Bibi alichungulia dirishani, akamtambua, akapiga kigelegele, na wengine wakampokea. Bibi alikaa wima, hakumpungia mtu mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka katika macho yote mawili, lile zima na lile bovu.

Alipasuliwa, na bandeji ilipotolewa akaletwa nyumbani. Alilizunguka gari, akalitazama kwa makini, akamwambia Baba kwamba bluu ile si yenyewe. Ile ya siku ile ilikuwa imekolea zaidi. Baba akalikwangua upya lote, na Bibi akaketi kwenye kigoda akionja rangi kwa macho, kopo baada ya kopo, mpaka aliposema ndiyo hiyo.

Sasa Baba, Bibi na Mzee Maganga wametangulia mbele ya haki, na uani kwetu Mafiga kuna magari matatu ya zamani ya polisi, mawili nimeyafufua mwenyewe. Kifaa nikikihitaji napiga picha kwa simu, kinafika kabla ya Ijumaa. Sibebi tena kikapu kwenda Mwembesongo, na nakiri kwamba nakikumbuka kikapu. Siku hizi hakuna mtoto anayeliogopa karandinga. Maharusi huja kupigwa picha wakiwa wameshika nondo, wanacheka, nami nafurahi kuwaona wanacheka, ila siti ya mbele huwa nampa kwanza mama aliyemleta bibi harusi, na simwelezi mtu kwa nini. Wapenzi wa magari ya kale hunitembelea pia na vitabu vyao vya rangi, wanalinganisha, wanakubali kwamba bluu yangu ni sahihi kabisa, wananiuliza niliipata wapi. Nawaambia niliipata kwa shahidi mmoja, aliyeliona gari hilo likiwa la polisi mara moja tu, mchana kweupe, mbele ya gulio zima, na hakuisahau rangi yake hata macho yalipozima.