Mafiga ya Cucu

Kabla hajaajiriwa kiwandani Thika, baba alikuwa akiwabebea watalii mizigo Mlima Kenya. Mwaka mmoja, miaka ya tisini, alipanda tena na wenzake wa zamani, akashuka hana raha. Pale walipokuwa wakikanyaga barafu, alituambia, sasa kuna mwamba mtupu na ziwa linalozidi kupanuka.

"Siku likipasuka litasomba kila kitu."

Cucu, mamake baba, aliishi Ngoliba, hatua chache kutoka mtoni. Baba akaapa kumhamisha. Kila Jumamosi tulitoka kwetu Makongeni kwenda kumjengea nyumba ya mabati juu ya mteremko.

Cucu alimwacha amalize kujenga, kisha akamuuliza, "Maji ya mlima huo yanapitia wapi?"

"Mto Sagana."

"Na huu ni mto gani?"

Ulikuwa Mto Thika, unaotoka Nyandarua, ambako hakuna barafu hata ya kutia kwa kikombe. Nilicheka mpaka baba akaniangalia vibaya. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua kila kitu.

Cucu alikataa kuhama. Nyumba ni pale mafiga yalipo, alisema, na mafiga yake matatu yalikuwa chini. Kwenye ile nyumba mpya akaweka mahindi. Baba hakugombana naye. Aliendelea kwenda, akachonga ngazi kwenye udongo wa mteremko ili goti la cucu lisimsumbue. Mimi niliona anapoteza nguvu bure, na nilimwambia.

Kisha zikaja mvua za El Nino, wiki baada ya wiki. Jumamosi moja asubuhi tulimkuta cucu katikati ya zile ngazi, amebeba figa la tatu mgongoni ndani ya kiondo. Mawili alikuwa ameshayafikisha juu. Mto umebadilika harufu, alisema, unanuka udongo wa mbali. Baba akampokea lile jiwe.

Jua halijatua, maji yaliingia nyumba ya zamani, na ukuta ukaanguka tukiutazama. Nililia, zaidi kwa aibu ya kile kicheko changu. Cucu hakulia. Alipanga mafiga, akawasha moto, akateleka chai.

"Maitu," baba alimwambia mamake, "ile barafu kweli ilienda Sagana."

"Najua," cucu akamjibu, akimpa kikombe. "Lakini wewe ulikuja hapa."