Safari ya Jabe Kumtafutia Salma Shule

Niliondoka Ujiji kwa sababu shule tatu zilimkataa mwanangu. Salma alikuwa na miaka mitano na nusu, na alikuwa hasikii tangu homa ilipomshika akiwa mchanga. Mwalimu wa kwanza aliniambia hana utaalamu. Wa pili alisema nisubiri akue kidogo. Wa tatu alimtazama Salma akichezea komeo la lango, kisha akanirudishia cheti chake cha kuzaliwa kama mtu anayerudisha sahani aliyoazima.

Katika mwezi huohuo mfanyabiashara mmoja wa Kigoma aliniletea barua ya wifi yangu Asha. Yeye ni dada wa mume wangu, aliolewa Bujumbura zamani na anauza vitenge soko la Jabe. Aliandika kwamba karibu na kwake kuna shule ya serikali ya watoto wadogo ambayo inapokea watoto wote pamoja, wanaotembea na wasiotembea, wanaoona na wasioona. "Mlete mtoto," aliandika, "nyumba yangu ina nafasi."

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita vya Burundi. Makambi ya mkoa wetu yalikuwa yamejaa watu waliokimbia huko. Mume wangu aliisoma barua ya dada yake mara mbili, akaniuliza ni mama gani anayempeleka mtoto mahali ambapo wenzake wanatoka mbio. Kwa siku mbili hatukuzungumza sawasawa. Siku ya tatu alirudi kazini na begi jipya lenye zipu imara, akaliweka kitandani, akasema nisikae zaidi ya miezi mitatu.

Tuliondoka asubuhi ya Jumatatu. Mpaka Manyovu safari ilikuwa ya kawaida, barabara ya vumbi jekundu na migomba pande zote, na hewa ikipoa kadiri tulivyopanda. Tukavuka mpaka saa sita mchana. Ofisa wa upande wa pili alipiga mhuri karatasi zetu, akanieleza kwamba nikifika Bujumbura nizipeleke ofisi za Rohero katikati ya mji kuomba ruhusa ya kukaa.

Tulilala Nyanza-Lac, kwa sababu barabara ya kwenda Bujumbura ilikuwa inafunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri. Kulipokucha magari yalipangwa mstari kusubiri askari watangulie. Mwanamke aliyekaa karibu nami kwenye basi alikuwa anapeleka mawese mjini. Alinieleza kwa utulivu kabisa, kama anayenifundisha kupika, kwamba tukisikia risasi niiname na kumlalia mtoto.

Tulipita Rumonge bila shida, ziwa likiwa kushoto na michikichi kulia. Mbele kidogo milio ilisikika upande wa milimani, mitatu au minne, mbali. Basi zima liliinama. Mimi pia niliinama, nikanyoosha mkono kumvuta Salma, na nikamwona amesimama juu ya kiti, uso kwenye dirisha, akiwachekea mbuzi waliokuwa wanakimbia. Nilimvuta kwa nguvu hata akalia. Milio haikurudi, basi halikusimama, watu wakajinyoosha na kuendelea na mazungumzo. Lakini moyo wangu haukutulia tena. Nilikuwa nimemtafutia mtoto wangu shule katika nchi ambayo watu wanaokoka kwa kusikia.

Bujumbura tuliingia saa tisa. Nilitegemea kuona mji ulioanguka, nikakuta watu wanauza nyanya. Wifi Asha alitupokea Jabe kwenye nyumba yake ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alimbeba Salma begani ingawa alikuwa amepita umri wa kubebwa, akanipa maji ya kuoga, akakataa kuzungumza habari za shule mpaka niwe nimekula.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, tulikwenda. Shule ilikuwa majengo mawili ya matofali yenye ua katikati. Mlangoni ngazi zilikuwa zimefunikwa saruji zikafanywa mteremko, na msichana mmoja alikuwa anaupanda kwa kiti cha magurudumu huku wenzake wawili wakisukuma na kugombana nani asukume. Kutoka darasani mpaka chooni palikuwa na kamba ndefu iliyofungwa kwenye vigingi, na mtoto asiyeona alikuwa anaifuata kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika mkate.

Mkuu wa shule, Mama Goreti, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimkabidhi makaratasi, nikaanza kueleza: homa, hospitali, shule tatu. Aliniacha nimalize. Kisha akayaweka makaratasi chini ya kikombe chake cha chai.

"Mama Salma, ataanza leo ao kesho?" aliuliza kwa Kiswahili cha huko.

Nilimwambia labda hakunielewa, mtoto hasikii kabisa.

"Nimesikia. Ule mwenye kiti hatembei, ule wa kamba haoni. Wengine wote wanakimbia mpaka wanavunja vikombe vyangu. Hapa ni masomo ya serikali, mutoto ni wa serikali. Leo ao kesho?"

Nikasema leo.

Mwalimu wa darasa aliitwa Furaha, Mkongomani kutoka Uvira aliyekimbilia Bujumbura na mama yake. Hakusomea kufundisha viziwi. Dada yake mkubwa alikuwa kiziwi, na lugha ya mikono aliipata nyumbani kama wengine tunavyopata lugha ya mama. Alichuchumaa mbele ya Salma, akamtazama mpaka Salma akacheka, na alipocheka kishimo cha shavu kikatokea. Furaha akagusa shavu lake mwenyewe kwa kidole. Akawageukia watoto, akaonyesha tena: huyu. Watoto thelathini wakagusa mashavu yao. Hivyo ndivyo mwanangu alivyopata jina ambalo yeye mwenyewe aliweza kulijua. La kwetu hakuwahi kulisikia.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza Furaha swali lililonikosesha usingizi usiku ule wa kwanza Jabe. Milio ikianza, itakuwaje?

"Kila mutoto iko na mwenzake," alinijibu. "Mwenye kusikia anagusa ule hasikii. Mwenye kuona anashika ule haoni. Wote wanalala chini pembeni ya ukuta. Tunafanya kila wiki, hata kama kumetulia. Mwenzake wa Salma atakuwa Keza."

Keza alikuwa msichana wa miaka mitano, mwembamba, asiye na kilema chochote. Familia yake ilikuwa imehama Gasenyi, pembeni ya mji upande wa kaskazini, kwa sababu ya mapigano, na walikuwa wamepanga chumba Jabe. Wifi alisema hiyo ndiyo sababu mtoto yule hucheka mara chache. Keza alimshika Salma mkono bila kuambiwa mara ya pili, akamwonyesha kigoda chake.

Wiki za kwanza zilipita vizuri kuliko nilivyothubutu kutegemea. Mama Goreti aliniruhusu kukaa nyuma ya darasa asubuhi mbili kwa wiki, nami kwa malipo nikashona upya mapazia na sare zilizochanika. Nilijifunza maneno ya mikono pamoja na watoto, na nilikuwa mzito kuliko wao wote. Maji, njaa, choo, njoo, subiri, mama. Keza alikuwa ananisahihisha vidole bila huruma.

Wiki ya sita, siku ya Alhamisi, nilikwenda Rohero kufuata ruhusa yangu ya kukaa. Saa nne na nusu nilikuwa kwenye foleni nje ya ofisi wakati kishindo cha kwanza cha mizinga kiliposikika. Baada ya dakika chache kikaja cha pili, karibu zaidi, madirisha yakatetemeka. Watu walikimbilia ndani, na karani alikuwa anafunga mlango. Aliniita niingie. Nilimwambia nina mtoto Jabe, akasema ngojea, mama, watoto wana walimu wao. Sikungojea.

Sikumbuki njia yote. Nakumbuka kiatu kimoja kilikatika nikakiacha, na maduka yalikuwa yamefungwa yote kama ni Ijumaa saa ya swala. Askari mmoja alinipigia kelele nipite ukutani. Nilipita ukutani. Nilichokuwa naona ni dirisha la basi na Salma amesimama juu ya kiti.

Lango la shule lilikuwa limefungwa. Niligonga, nikataja jina langu, Mama Goreti akafungua kiasi cha mtu kupenya. Ndani kulikuwa kimya hata nikadhani hakuna mtu. Kisha niliwaona. Walikuwa wamelala kifudifudi kando ya ukuta wa ndani, wawiliwawili, kila mtoto mkono wake uko mgongoni mwa mwenzake. Msichana wa kiti cha magurudumu alikuwa ameshushwa sakafuni. Asiyeona alikuwa ananong'ona, anahesabu vishindo. Salma alikuwa wa mwisho karibu na kabati, na Keza amemshikilia sare kwa mikono miwili. Salma aliponiona alinionyesha kwa kidole kimoja: lala. Nikalala.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Mizinga ilipokoma, Furaha alinieleza yaliyotokea, akiwa amekaa sakafuni na mgongo wake umeegemea ukuta.

Kishindo cha kwanza kilimkuta Salma chooni, peke yake. Watoto wote walilala kama walivyozoea, isipokuwa Keza. Yeye alibaki amesimama katikati ya darasa. Furaha alimwamuru alale mara mbili, hakulala. Alikuwa amefungua mdomo lakini kwa hofu sauti haikutoka. Akainua mkono, akagusa shavu lake, akaonyesha mlangoni. Akagusa tena shavu, akaonyesha mlangoni.

"Mi nilikuwa sijahesabu watoto," Furaha aliniambia. "Nitasema kweli, mama, nilikuwa naogopa na sikuhesabu. Bila huyu mutoto singejua."

Alitambaa uani akafuata kamba mpaka chooni. Salma alikuwa ametoka, ananawa mikono kwenye ndoo, anachezea maji. Furaha alimbeba akarudi. Kishindo cha pili kiliwakuta wako ndani tayari.

Nilimtafuta Keza nimshukuru. Nilikuwa na maneno mengi ya mdomo, lakini yeye alikuwa bado hajarudiwa na sauti, kwa hiyo nilitumia yale ya mikono niliyokuwa nayo. Nilisema: mama, wewe, vizuri. Alinisahihisha kidole gumba. Hapo ndipo nilipolia, na nililia kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Jioni hiyo nilifungasha begi. Wifi hakunizuia, alinieleza tu kwamba barabara imefungwa na haijulikani lini itafunguliwa. Shule nayo ilifungwa Ijumaa yake. Jumatatu nilipoamka nilimkuta Salma amevaa sare yake, vifungo vimekosea matundu, amesimama mlangoni na kigoda kidogo cha wifi mkononi. Alikuwa anaonyesha upande wa shule. Nilimfungua vifungo nikavifunga upya, nikampeleka. Tulikaa mpaka mwisho wa muhula.

Siku ya kuaga nilimwambia Mama Goreti kwamba naona kama namtoa mtoto kwenye maji na kumrudisha jangwani. Nyumbani hakuna Furaha, hakuna Keza. Aliipandisha miwani yake.

"Apana," alisema. "Furaha alijifunza kwa dada yake, si kwa masomo. Sasa we unaongea na mutoto wako. Fundisha baba yake. Fundisha jirani. Kisha rudi kwa wale walimu watatu, uwaambie ni kitu kinawezekana, umekiona na macho yako."

Barabara ya kusini ilikuwa na habari mbaya wiki ile, kwa hiyo tulirudi kwa maji. Nahodha wa meli ya mizigo iliyokuwa inarudi tupu Kigoma alikubali kutuchukua pamoja na familia nyingine mbili. Tulitoka bandarini mchana, milima ya Burundi ikabaki upande wa kushoto, ya kijani na kimya, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke mabega yangu yaliteremka. Salma alilala pajani kwangu. Asubuhi tuliona mabati ya Kigoma yaking'aa, na mume wangu, aliyekuwa amepata habari bandarini, alikuwa gatini tangu alfajiri, na shati alilolivaa siku tuliyooana.

Siku ya tano nyumbani nilikuwa kwenye cherehani wakati Salma aliponivuta kanga. Aligusa shavu lake kwa vidole viwili, na hilo ndilo lilikuwa jina la Keza darasani, kisha akafungua viganja vyote viwili na kuinua nyusi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nimeulizwa swali. Mtoto huyu alikuwa amewahi kulia kwangu, kunivuta, kunionyesha anachotaka. Kuniuliza swali, alikuwa hajawahi. Mguu wangu ulibaki juu ya kanyagio na mashine ikasimama.

Nilimjibu kwa mikono: Keza, mbali. Keza, mzima. Hilo la pili sikuwa na uhakika nalo, na nilikaa nalo moyoni wiki tatu, mpaka barua ya wifi ilipofika. Shule iko wazi, aliandika, na wazima wote. Keza amerudi kucheka, na kila asubuhi anagusa shavu na kumuuliza Furaha, Salma wapi?

Nilimwita Salma uani nikamwambia tena kwa mikono: Keza, mzima.