Chembe za Dada Yangu Zilizokwenda Skuli

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu ambazo ungeweza kusokotea kamba ya kufungia ng'ombe. Mchana nilikuwa mchukuzi bandarini Mkoani, nabeba magunia ya karafuu mazito kama lori, na ikifika magharibi nakoga, nasali, nakwenda skuli ya usiku kukaa dawati moja na watu wenye wajukuu. Somo nililolipenda ni baiolojia, hasa habari za damu. Tangu niliposoma kwamba mwilini mwangu zimo chembe nyeupe zinazozunguka kutwa kucha zikisaka maradhi, nilitembea kifua mbele kama mtu mwenye jeshi lake.

Msikilizaji wangu alikuwa dada yangu mkubwa. Mama yetu alipofariki nilikuwa sijaota meno ya mbele, na yeye ndiye aliyenilea, na nilipokuwa mtu mzima akanisukuma skuli kwa maneno makali na sahani ya wali. Jioni anakaa ukumbini na ukili wake anasuka mkeka, mimi nahadithia. Kila nililomwambia aligawa kwa kumi.

"Papa urefu wa gati," nitasema.

"Basi samaki changu tu," atasema, na mkono hausiti.

Siku moja aliniambia kuna kitu hapa, akaweka kiganja juu ya kanga, karibu na kwapa. Hospitali walichukua kinyama kidogo wakakipima, na jibu likarudi kuwa ni saratani ya titi. Daktari alisema bado ni ndogo, na akampangia siku ya kuvuka kwenda Unguja kupasuliwa. Dada yangu, ambaye alikuwa akiua nyoka kwa ufagio, aliogopa kisu mpaka akaacha kula.

Nilitaka ale tu. Nikakaa na simu yangu, nikasoma mambo ya kansa kwa kamusi, neno kwa neno, nikakuta habari ya ajabu. Kuna madaktari wanaotoa chembe nyeupe kutoka kwenye damu ya mgonjwa, wakazigeuza maumbile zipate kuitambua sura ya kansa, wakazizidisha ziwe mamilioni, kisha wakamrudishia mwenyewe mwilini zikapigane. Nilimpelekea habari hiyo mbio, kandambili mkononi.

"Wanazipeleka skuli?" akauliza.

"Skuli ya usiku hasa, dada."

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Zangu zitamaliza kabla yako. Weye si ulirudia fomu ya pili mara mbili?"

"Mara moja."

"Mara mbili. Mie ndiye niliyekupikia."

Akaomba uji, akaumaliza. Ningemnyimaje hadithi hiyo?

Siku chache baadaye akaniuliza kuhusu zile chupa tatu za damu walizomtoa hospitali. Ilikuwa damu ya kupimwa tu kabla ya kupasuliwa, hutolewa kila mtu. "Ndizo zilizokwenda kusomeshwa?" akasema. Nikajibu, "Sasa hivi ziko darasani, zinapigwa bakora." Nilisema kwa mzaha, na ningependa kuandika kwamba nilidhani naye ameshika mzaha. Lakini nilimtazama uso nikaona hakugawa kwa kumi. Nikanyamaza.

Asubuhi ya safari nilimkuta amekaa, baibui bado linaning'inia msumarini.

"Siendi," akasema. "Nikatwe cha nini na zangu ziko njiani?"

"Dada, twende tu. Kisu kwanza, hizo baadaye."

"Ukinunua nyavu utavua kwa mikono?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Boti ilikuwa bado gatini. Ningesema maneno manne tu, hakuna chembe zinazokuja, dada, angenipiga kofi akavaa baibui. Mimi ninayejaza bandari nzima kwa mdomo, sikuyapata. Niliona haya kuwa mwongo kwa jambo moja aliloniamini.

Uvimbe ukakua. Ukawa kama kokwa, ukawa kama ngumi, kisha ngozi ikapasuka, na hapa siongezi kitu. Kila nikirudi kazini anauliza, "Hazijafika?" kana kwamba zingeshushwa botini ndani ya boksi lenye jina lake. Nami najibu bado.

Alasiri moja mkono wake wa kushoto ulikataa kunyanyuka kushika ukili. Nikakaa chini mbele yake nikamwambia yote. Kwamba dawa ile imewafaa wagonjwa wa saratani ya damu huko mbali. Kwamba kwa uvimbe kama wake madaktari bado wanajaribu, kwa sababu uvimbe umejizungushia ukuta, chembe zikiingia zinachoka na kulala, na seli za uvimbe hazina sura moja, ukizijua hizi zile zinakupita. Kwamba chupa zake tatu hazikwenda popote.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulilijua hili siku ile?"

"Nililijua."

"Ulilisoma?"

"Nililisoma lote."

"Na mie nikakusomesha," akasema. Halafu akasema, "Kesho nipeleke."

Tulivuka. Madaktari walimpiga picha kifuani, wakatuambia saratani imeshafika kwenye mapafu na kisu hakitasaidia tena. Tukarudi na dawa za maumivu. Wiki zake za mwisho nilimlisha mimi, nilimgeuza mimi. Nilimwomba radhi asubuhi moja.

"Radhi yangu unayo," akasema. "Ila usinichekeshe."

Sikumchekesha tena.

Siku ya tatu ya matanga, wanaume wameketi barazani, mzee mmoja wa ukoo akasema siku yake ilikuwa imefika, Mungu ndiye apangaye. Nikasema, naam, mzee wangu, na daktari naye alipanga siku, boti ikamngojea, hakwenda kwa sababu nilimwambia uongo naye akaniamini.

Mzee akanishika goti. "Usijitwike, mwanangu. Weye kila kitu kwako huwa kikubwa. Tunakujua."

Wengine wakaitikia, mmoja akatabasamu kwa huruma. Nikawaambia tena, polepole, toka mwanzo: chupa tatu, baibui msumarini, boti gatini. Hakuna nililoongeza. Waliniacha niseme, kisha wakanisogezea kahawa.