Nyangate Hakuhama

Nyangate alikuwa mshonaji wa sare za shule na za kwaya, mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka. Kwa miaka mingi aliishi na mumewe, Job, kwenye ghorofa ya tatu ya nyumba ya kupanga karibu na Daraja Mbili, mjini Kisii. Mimi nilikuwa mlango wa pili. Tulitumia ukuta mmoja, kamba moja ya nguo juu ya paa, na tangi moja la maji ambalo likikauka tunateremka wote na mitungi. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona, mengine yalinifikia kupitia ukuta bila mimi kutaka, na yaliyobaki Nyangate mwenyewe aliniambia tukianua nguo.

Nyumba yao ilikuwa ya chumba kimoja cha kulala. Ukifungua mlango unakanyaga sebule. Jikoni na choo viko kando ya hiyo sebule, na chumba cha kulala kiko ndani kabisa. Aliye chumbani hawezi kwenda chooni wala kutoka nje bila kupita sebuleni. Waliichukua pamoja walipooana, yeye akilipa nusu na Job akilipa nusu, na Ogeto, mlinzi wa jengo aliyekusanya kodi, aliwajua wote wawili kama wenye nyumba ile. Mtoto wao, Cynthia, alikuwa shule ya bweni huko Nyamira.

Mwaka juzi, mvua za masika zilipoanza, baba yake Nyangate aliugua, naye akaenda kwao Ogembo kumwuguza. Mzee alipopata nafuu, Nyangate alirudi, amebeba mkungu wa ndizi begani. Alipofika ngazi ya mwisho aliiona cherehani yake imesimama nje kwenye ujia, pale mvua inapopiga. Gurudumu lilikuwa limeshika kutu. Kando yake kulikuwa na gunia la sare za kwaya alizokuwa amezimaliza kabla ya kusafiri, maruni zenye kola nyeupe. Zilikuwa zimelowa chapachapa, na rangi ya maruni ilikuwa imeingia kwenye kola zote.

Alisukuma mlango. Kwenye kochi lake alikuwa amekaa msichana anayeitwa Linet, amejifunga leso, anakula ugali. Job alikuwa karibu naye.

"Karibu," Job alimwambia mkewe, kama anayemkaribisha mgeni.

"Nani alitoa cherehani yangu nje?"

"Ilikuwa inajaza nyumba. Sikiza, Mama Cynthia, sitaki kelele. Huyu sasa yuko hapa. Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kwenda, mlango uko wazi."

Job alikuwa na uhakika kwamba angeenda. Wanawake wengi wangeenda. Wangelia kwenye ngazi, wangepiga simu kwao, na kesho yake pikipiki ingekuja kuchukua masanduku. Sisi majirani pia tulingoja hivyo. Nyangate aliteremka, akanunua kufuli kwenye duka la chini, akarudi. Akawatolea nguo zao kutoka chumba cha kulala, akaziweka juu ya kochi zikiwa zimekunjwa vizuri. Akaikokota cherehani mpaka ndani ya chumba, akafunga mlango.

"Nimekaa," alisema akiwa upande wa pili. "Ninalipa nusu, nitakaa kwenye nusu."

Job alimkimbilia Ogeto amtoe. Ogeto alikuna kichwa, akasema yeye anajua wapangaji wawili tu wa nyumba ile, na huyo wa leso si mmoja wao.

Ndivyo walivyoanza kuishi watatu. Asubuhi Nyangate alipita sebuleni akiwa amevaa vizuri, akawakuta kwenye godoro, akawaamkia kwa sauti kubwa, "Bwakire buya!" kisha akaacha mlango wa nje wazi nyuma yake. Alipika omena, wale dagaa wenye harufu kali, siku ambazo Linet alikuwa na wageni. Alishona jioni, na cherehani ile yenye kutu ilikuwa ikipiga kelele kama mashine ya posho. Nilimwambia siku moja kwamba anajichosha, heri apange kwingine apate amani.

"Amani ya nini?" aliniuliza. "Nilizishona upya sare zote zile kwa kitambaa changu mwenyewe, usiku na mchana, na kwaya ilinicheka. Mimi sitafuti amani. Nataka Job atoke kwenye nyumba hii kwa miguu yake mwenyewe, na atoke akiwa ameinamisha kichwa."

Sasa, mama yake Job alikuwa anaitwa Abigael, mjane, mkulima wa chai huko Gesima. Alikuwa Msabato wa kweli kweli, mama ambaye hata kuchuma chai siku ya Ijumaa alikuwa anaacha mapema ili Sabato isimkute na kikapu. Hakujua habari yoyote kuhusu Linet. Job alikuwa akimpigia simu na kumwambia nyumbani wote wazima. Mwaka ule Abigael alikuwa na kidonda mguuni, kile cha ugonjwa wa sukari, ambacho kilitaka kuoshwa na kufungwa hospitalini kila siku, na kutoka Gesima hadi mjini kulikuwa kunammaliza.

Nyangate alimpigia simu. Alimwambia, "Mama, njoo ukae na mimi mpaka kipone. Utalala chumbani kwangu, kitanda ni kikubwa." Hakusema neno lingine. Abigael alimbariki kwenye simu.

Alikuja alasiri, Job akiwa dukani kwake anakouza spea za pikipiki. Mimi na Ogeto tulisaidia kumpandisha ngazi, Ogeto akimwambia polepole, omong'ina, polepole, kama tunavyowaita wamama wazee kwetu. Nyangate alifungua mlango akasimama kando ili mama mkwe wake atangulie. Linet alikuwa kwenye kochi anapaka kucha rangi.

Abigael aliegemea fimbo yake. Alimtazama msichana, akatazama godoro lililokunjwa kando ya ukuta, akatazama viatu vya mwanawe vilivyo chini yake.

"Huyu ni nani?"

"Muulize Job, Mama," Nyangate alijibu. "Mimi nimepanga kile chumba cha ndani tu."

Hakuna aliyepiga kelele. Abigael aliketi, akainua mguu wake juu ya stuli, akaomba maji. Ni Linet aliyeyaleta. Job aliporudi jioni aliingia akipiga mluzi. Mluzi ulikatika mlangoni.

"Mama? Umekuja lini?"

"Nimekuja kutibiwa," mama yake alisema. "Nitakaa mpaka kidonda kifunge. Daktari anasema kitachukua muda."

Kwa asiyetujua sisi Abagusii nieleze kidogo. Mama haoni mahali mwanawe mtu mzima anapolala na mwanamke. Hata kitanda chake hakikalii. Si jambo la mzaha. Kuna aibu baina ya mzazi na mtoto aliyeoa, na mtu anayeivunja anaogopa hata kutaja. Na yule mama mwenye sukari alikuwa akienda chooni mara nyingi, na njia ya choo ni sebuleni. Ile fimbo ilikuwa inagonga sakafu, ko, ko, ko, na kabla mlango wa chumba haujafunguka Job alikuwa ameshasimama, amevaa suruali, anatazama dirisha. Baada ya siku chache Linet alilala jikoni juu ya gunia, na Job alilala kwenye kiti akiwa amevaa viatu.

Ijumaa jua likikaribia kuzama, Abigael alifungua Sabato pale sebuleni. Alituita majirani. Tuliimba, na Job aliketi kati yetu ameshika Biblia kichwa chini, na kila mtu kwenye jengo alijua kwa nini. Nyangate alikaa mkabala naye, anamtazama usoni wimbo mzima. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kufurahia Sabato kama ile, na kwamba hakuona haja ya kutubu.

Linet ndiye aliyevunjika kwanza. Nilikuwa juu ya paa naanika mashuka alipomfuata Nyangate.

"Dada, nataka tuongee," alisema. "Job aliniambia mliachana kitambo. Alisema umebakisha tu vitu."

"Na cherehani? Ulidhani ni ya nani?"

Msichana alishika pindo la leso yake, akalikunja.

"Job aliibeba peke yake?" Nyangate aliuliza.

"Nilishika upande mmoja," Linet alisema, akaanza kulia. "Nisamehe. Mimi naenda kwetu Ikonge. Sijui nitawaambia nini."

Nilidhani Nyangate atalegea, maana msichana alikuwa mdogo, na alikuwa anasema kweli. Hakulegea. Alimpa karatasi yake ya nailoni ya kubebea nguo, akamwambia, "Waambie ulishika upande mmoja," akaendelea kuanika. Linet aliondoka siku hiyo hiyo, Job akiwa dukani.

Baada ya hapo Job akawa mtu mwingine. Alileta nyama. Alifua mashati yake mwenyewe. Alikuwa akigonga mlango wa chumba kwa upole, "Mama Cynthia, tuongee basi, yule ameenda," naye Nyangate akimjibu kwamba kama ana maneno amwambie mama yake. Job alikuwa anasubiri kidonda kifunge, mama aende, nyumba irudi kama zamani.

Kidonda kilifunga. Siku ambayo daktari alimruhusu, Abigael alimwita mwanawe aketi mbele yake. Mlango wao ulikuwa wazi na mimi nilikuwa kwenye ujia, sikuondoka.

"Nimekaa hapa siku zote hizi nikingoja uniambie neno," mama alisema. "Hujaniambia."

"Mama, haya ni mambo ya nyumba yangu."

"Nyumba gani?" Abigael aliuliza. "Nyumba yako iko Gesima kwenye shamba la baba yako, na hujaijenga. Hapa umepanga. Na mwenzako uliyepanga naye ulimtolea vitu kwenye mvua. Beba vyako utoke. Nataka nikuone ukitoka nikiwa bado hapa."

"Mama, nitaenda wapi?"

"Yeye alipokuwa nje na ndizi begani, ulimuuliza ataenda wapi?"

Job alitazama mlango wa chumba. Nyangate alikuwa amesimama pale, mikono kifuani. Job alikunja godoro lake, akachukua begi na viatu, akapita mbele yetu majirani tuliokuwa tumejaa kwenye ngazi. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama vile mkewe alivyotaka.

Lakini Abigael hakuwa amemaliza. Mlango ulipofungwa alimgeukia mkaza mwanawe, na maneno haya Nyangate aliniambia mwenyewe, bila kujitetea.

"Uliniita kwa ajili ya mguu wangu, au kwa ajili ya Job?"

Nyangate angeweza kudanganya. "Kwa ajili ya Job," alisema. "Mguu ulinipa njia."

Mama alisugua goti lake. "Ungeniambia, ningekuja hata bila kidonda. Ningejua ninachokuja kukiona. Wewe ulinifungulia mlango nikaona vitu ambavyo mama haonyeshwi."

"Nilitaka Job akuone ukiyaona."

"Najua. Nimekuelewa vizuri." Akasimama, akatafuta fimbo yake. "Chakula chako kilikuwa kizuri, na mguu wangu uliutunza. Lakini usiniite tena."

Nyangate alimsindikiza hadi chini akampandisha gari la Gesima. Abigael alishukuru kama mtu anavyomshukuru mwuguzi. Tangu siku hiyo wanaongea kupitia Cynthia tu, anapokwenda Gesima likizo.

Wiki hiyo hiyo Job alirudi akijua mama hayupo. Alikuta kitasa kimebadilishwa. Aligonga, akaita, akasema amejuta, akasema watu wanamcheka sokoni. Nyangate alivuta kiti, akaketi upande wake wa mlango, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza. Fungua."

"Sema tena pale penye watu kukucheka. Hapo sikusikia vizuri."

Nilicheka nyuma ya mlango wangu, Mungu anisamehe. Job aliteremka ngazi na hajapanda tena. Siku hizi amepanga chumba kimoja cha mabati huko Mwembe, choo kimoja na familia tano, na ukitaka maji unapanga foleni. Nyangate ana wateja upande ule. Kuna njia fupi ya kuwafikia, lakini yeye hupita ile ndefu inayopita mbele ya chumba cha Job, sare zikiwa zimekunjwa kwenye mkono wake, polepole, hasa asubuhi wakati foleni ya choo ni ndefu.

Sebule ameipangisha kwa Sheila, msichana anayesomea uuguzi, na wanaishi vizuri. Wamegawana zamu za kuchota maji na hakuna anayegusa sufuria ya mwenzake. Mzee wa kanisa alikuja mwaka huu kumwuliza kama moyo umetulia, kama anaweza kumsamehe Job. Nyangate alimpikia chai nzito, akampa mkate, akamwambia moyo umetulia sana. Kuhusu kusamehe, alisema, mzee ajaribu kurudi mwaka mwingine.

Juu ya paa nilimuuliza kama hamkumbuki Abigael. Alishika shuka upande mmoja, nami nikashika wa pili, tukalikunja.

"Namkumbuka kila Ijumaa," alisema. "Na siku zile zikirudi, ningemwita tena."