Mashine Iliyovikwa Leso

Nilikuwa karani wa zahanati huku Mjambere mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo sikuona mgonjwa aliyeponywa na fomu. Nimeona waliopona kwa mkono wa muuguzi aliyeshinda na njaa. Fomu haikumponya mtu, lakini fomu ndiyo iliyopendwa.

Wapimaji walikuja na kadi zao shingoni na viatu visivyojua tope letu. Walitaka kujua mfumo wa afya wa nchi maskini kama yetu unafanya kazi vipi, na walipima kwa kuuliza kama kitu kipo. Mizani ipo? Ipo. Mashine ya mvuke ya wagonjwa wa pumu ipo? Ipo. Hawakuuliza jana ilikuwa wapi, wala kesho itakuwa wapi. Watu wamesoma mpaka macho yakahitaji miwani, na swali ambalo muuza mbaazi angeliuliza halikuwapitia kichwani.

Mashine yenyewe ilikuwa moja, mali ya zahanati jirani ya Frere Town. Kila siku ya ukaguzi tuliiazima, tukaifunga leso gubigubi isiingie vumbi, tukaipakia kwenye tuktuk. Tukiiita bibi harusi.

"Bibi harusi amefika?" mkuu wa zahanati akiniuliza.

"Amefika, na anataka kutunzwa!"

Tukicheka. Mpango huo niliubuni mimi, nisimsingizie mtu. Nilikuwa nimeahidiwa barua ya sifa.

Siku moja wapimaji walichelewa. Mashine ilikaa mezani tangu saa mbili asubuhi. Saa nne karani mwenzangu wa Frere Town akanipigia simu.

"Bwana, rudisha mashine. Kuna mama hapa kifua kimembana."

"Wapimaji wako njiani. Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya nani? Mtu anavuta pumzi kwa mabega!"

"Basi mpelekeni hospitali, ng'ambo ya daraja." Nikakata simu.

Sikuuliza ni mama gani. Wapimaji walipokuja, mmoja wao aliitazama mashine akiwa amesimama mlangoni.

"Inafanya kazi?"

"Sana."

Akatia alama. Hakutafuta hata mahali pa kuichomeka.

Alasiri nikaambiwa mgonjwa yule ni dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki. Foleni ya magari ilimkuta darajani, ndani ya tuktuk, midomo imeshaanza kugeuka rangi. Alhamdulillahi, alifika akiwa hai. Lakini kifua chake hakikurudi kama zamani. Mpaka leo akipanda ngazi mbili za baraza yake hukaa kitako kwanza ndipo azungumze.

Nilimfuata wodini. "Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Alinitazama, akavuta pumzi, akasema, "Mlipata alama ngapi?"

"Nisamehe. Wallahi sikujua ni wewe."

"Na kama angelikuwa mama wa mtu mwingine, angelikufa salama?"

Barua ya sifa ilikuja, nikaichana. Kuichana nako hakukuwa ushujaa, maana sikumwambia yeyote sababu. Ukaguzi uliofuata bibi harusi alisafiri tena, na mimi niliyejua niliyoyajua nikatazama kando. Hilo nalijutia kuliko la kwanza.

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada kliniki. Nje alisimama msichana mwenye kompyuta ya mkononi, akipima kuridhika kwa wananchi.

"Mzee, kutoka moja hadi tano, umeridhika na huduma kwa kiasi gani?"

Zamani nilikuwa nikiwafundisha wagonjwa kusema tano. Dada alikuwa kando yangu kwenye benchi, ananitazama. Nikamwomba binti yule asikilize, nikamsimulia yote: leso, simu, daraja, na mgonjwa mwenyewe huyu hapa. Mara ya kwanza kuyasema mbele ya dada yangu. Binti alisikiliza kwa adabu, kidole kikiwa juu ya kioo.

"Pole sana, mzee. Kwa hivyo niweke ngapi?"

"Weka sufuri, binti yangu. Na uandike kwamba ni yangu mimi."

Akatafuta kwenye kioo, akatikisa kichwa.

"Sufuri haimo, mzee. Inaanzia moja."

Dada akacheka mpaka kifua kikambana, nami nikamshika mkono tukaingia ndani kuuliza kama mashine ipo.