Mama Mkwe Amemwaga Dawa za Binti Yangu Kisa Jina

Jumatatu ya wiki hii, asubuhi, dawa zote za binti yangu zilimwagwa chooni na maji yakavutwa. Aliyezimwaga ni mama mkwe wangu. Admin, nifiche jina, ila usinipunguzie neno hata moja. Nina hasira na sina mpango wa kuzificha.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mzaliwa wa Masasi, nauza mapazia Kariakoo. Nilianza kwa kutandika turubai chini huku nakimbizana na mgambo, leo nina fremu yangu na wasichana wawili wa kazi. Hakuna aliyenishika mkono. Mume wangu ni Mchaga, anatoa mizigo ya watu bandarini. Tuna mtoto mmoja tu, wa kike, ana miaka minane. Kwa kina mume wangu, binti wa kwanza anabeba jina la bibi mzaa baba. Nilikubali bila kinyongo. Sikujua kumbe pamoja na jina natoa na mtoto.

Huyu mtoto tangu ameanza kutembea hatulii. Darasani anasimama hovyo, anajibu swali kabla halijaisha, leo kapoteza sweta, kesho kiatu kimoja. Mwalimu alikuwa ananipigia simu mara nne kwa wiki. Shule wakamchapa, baba yake akamchapa, kilichobadilika ni kwamba mtoto alianza kujiita mjinga. Ukoo nao hawakukosa la kusema: "Mbona dukani kwako anakaa saa nzima anapanga pete za mapazia kwa rangi? Mtundu tu huyo, na mama yake yuko bize."

Nikampeleka hospitali. Daktari akaniambia hiyo ya pete ndiyo hali yenyewe ilivyo: anachokipenda kinamshika, asichokipenda ubongo wake unakosa breki. Inaitwa ADHD. Akasema si laana, si malezi mabaya. Wala hakukurupuka kuandika dawa. Alituhoji sisi, akataka maelezo ya mwalimu, akahakikisha mtoto anaona na kusikia vizuri. Akatufundisha kumpa agizo moja moja, kumsifu hapo hapo akifanya vizuri, akae mbele darasani na aruhusiwe kunyanyuka kidogo. Tulipoona bado hali ni ngumu, ndipo akaongeza kidonge cha asubuhi.

Mimi ni mtu wa hesabu, maneno matupu hayanipati. Simu za mwalimu zilishuka hadi moja kwa mwezi. Siku moja mtoto alinifuata jikoni na kitabu cha hadithi mkononi: "Mama, nimefika mwisho! Mwisho kabisa!" Mboga iliungua siku hiyo na sikujali. Kasoro ilikuwa moja, mchana hamu ya chakula inapungua. Daktari alishatuambia: ale vizuri kabla ya kidonge, ale tena jioni, na kila tukirudi kliniki apimwe uzito.

Mwezi uliopita mama mkwe akaja kwetu kutoka Moshi kutibiwa magoti. Siku ya kliniki ya mtoto mimi nilikuwa napokea mzigo, nikamwambia mume wangu ampeleke. Yeye akamtuma mama yake. Wamekaa pale nje ya kliniki ya afya ya akili, nesi akatoka akaita kwa sauti, jina la kwanza na la ukoo. Mama mkwe akaitika na kusimama, maana ni jina lake lile lile. Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja anayesali naye kanisa moja huko Moshi. Akamwambia, "Jamani mama, pole. Kumbe umeanza kusumbuliwa na kichwa?"

Alirudi nyumbani anafoka. "Miaka sabini na moja sijawahi kuitwa kichaa! Wewe mwanamke wa Kusini umeniaibisha mbele za watu!"

Nikamjibu kwa heshima, "Mama, aliyeitwa ni mtoto."

"Mtoto ndiye mimi! Hilo jina ulipewa na nani?"

Kuanzia hapo kila sahani ya mchana ikawa kesi. "Mmemkausha mjukuu wangu kwa madawa ya vichaa. Mimi nimelea sita bila kidonge." Jumatatu, mtoto alipomaliza chai, nikafuata dawa nikamkuta bibi anasuuza kopo tupu. Akanitazama usoni: "Nimemwaga. Jina langu halimezi dawa."

Jumanne, saa nne haijafika, simu ya mwalimu. Binti yangu katoka darasani mara tatu, sasa yuko chini ya meza analia. Anasema, "Yule mjinga amerudi."

Mume wangu nilipomwambia, aliendelea kula. "Mama keshasema. Jumamosi anapanda basi na mtoto, atasoma Moshi. Hewa ya kule itamtuliza."

"Na dawa?"

"Mke wangu, usinigombanishe na mama yangu kwa ajili ya vidonge."

Jana nilirudi kwa daktari, akaniandikia dawa nyingine. Natembea nazo kwenye pochi kama mwizi, ndani ya nyumba ambayo nusu ya kodi nalipa mimi.

Wasomaji, nipeni ushauri wa maana. Niende ustawi wa jamii kabla ya Jumamosi, au nimhamishe mtoto kwa dada yangu Ilala? Anayetaka kuniambia nivumilie, apite tu.

Na wewe mume wangu, najua unaisoma page hii ukiwa kwenye foleni ya geti bandarini, na ulishajijua tangu mstari wa kwanza. Sitaki kikao cha ukoo, sitaki mama akujibie. Ijumaa saa kumi na mbili jioni nafunga duka. Muda huo nataka jibu kutoka mdomoni mwako: mtoto anapanda hilo basi, au hapandi?