Mwamuzi wa Mgomba na Mbuni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule ya chini kule Bweranyange alinipa kipande cha chaki akaniambia nikitunze mpaka Pasaka. Nilidhani anatania. Nilikuwa na cheti cha ualimu cha daraja la pili na kaptula moja iliyopigwa pasi, nikajiona mtu mkubwa. Kufika adhuhuri chaki ilikuwa imekwisha.

"Sasa utaandikia nini?" akaniuliza.

"Sijui, Mwalimu Mkuu."

"Basi utafundisha kwa mdomo. Mdomo hauishi."

Ndivyo nilivyoanza, na labda ndiyo sababu baadaye nilipenda kazi ya mdomo kuliko ya ubao. Kutoka Bweranyange nilihamishiwa upande wa Nyakahanga, na miaka ya hamsini ilipoanza nikapelekwa shule ya kati huko Kyerwa. Shule yenyewe siitaji. Huko nilikabidhiwa mdahalo, na huko nilimkuta Mwalimu Klemensi. Nitajaribu kumsema kwa haki. Nikipotoka, msomaji anisamehe, maana yule mtu nilimwonea wivu tangu juma la kwanza, na hata leo sijapona vizuri.

Vijana wa sasa mnaona watu wakibishana mnasema ni mdahalo. Sisi tulikuwa na utaratibu. Kwanza kuna hoja, yaani jambo moja linalotamkwa ili upande mmoja uliunge mkono na mwingine ulipinge. Mtoa hoja ndiye anayefungua. Kazi yake kubwa ni kueleza maana ya maneno ya hoja, ili watu wasigombane juu ya vitu viwili tofauti. Anayefuata ni mpinzani wa kwanza, halafu kila upande unaleta msemaji wa pili, ambaye hubomoa ya wenzake na kujenga ya kwao. Mwisho wapinzani wanajibu, na mtoa hoja anafunga. Spika anakaa mbele na hasemi upande wowote. Mtunza saa anagonga kipande cha reli kilichoninginizwa mlangoni: mara moja, malizia, mara mbili, keti. Mwamuzi anakaa kando, ananyamaza mpaka mwisho.

Kati ya sheria zote, moja iliwashinda wanafunzi wangu. Msemaji anapoendelea, mtu wa upande wa pili anaruhusiwa kusimama, mkono kichwani, aombe kumpa taarifa. Msemaji akikubali, anasikiliza swali fupi kisha analijibu. Lakini kwa watoto wa Kinyambo, wenyeji wa Karagwe yote, kumkata kauli aliyekuzidi umri ni ukosefu wa malezi. Nilihimiza, nilibembeleza, nilikasirika. Wadogo walikaa tu, macho chini, wakubwa wakahutubu kama maaskofu.

Mwalimu Klemensi alihamia kwetu kutoka upande wa Muleba. Alikuwa mrefu, ana sauti ya kwaya, na alisoma kunizidi. Aliketi nyuma akatazama mdahalo wangu mara moja tu. Tulipotoka akasema, "Ndugu yangu, hawa hawaogopi kuuliza. Wanaogopa kuanza bila kusalimu. Waache wasalimu."

Juma lililofuata mtoto mdogo kuliko wote alisimama, mkono kichwani, akasema, "Shikamoo, msemaji." Yule mkubwa, bila kufikiri, akaitika, "Marahaba." Klemensi akamgeukia Spika. "Ameitika. Aliyeitika amempa nafasi." Darasa zima likacheka, na kuanzia siku ile taarifa zikamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua.

Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaenda nyuma ya jiko la shule nikasimama peke yangu kidogo. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, na lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Wanafunzi wakaanza kumwita Mwalimu wa Midahalo. Jina hilo lilikuwa langu. Sina hakika kama kuna mtu aliyewahi kuniita hivyo kwa sauti, lakini nilidhani lilikuwa langu.

Ndipo Bwana Elimu, ofisa wa shule wa wilaya, alipoleta habari kwamba atakuja kututembelea, na kwamba mwalimu mmoja wa shule yetu atachaguliwa kwenda kozi ya daraja la kwanza. Walimu wenye sifa ya kwenda tulikuwa wawili, mimi na Klemensi. Mwalimu Mkuu wetu wa Kyerwa, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, akapanga mdahalo wa kumpokea mgeni. Klemensi angewafundisha watoa hoja. Wapinzani wangejifunza kwa Mwalimu Mkuu mwenyewe. Mimi nikawa mwamuzi.

Nilimwendea ofisini. "Mwalimu Mkuu, mimi siwezi kumwamua Klemensi."

"Kwa nini?"

"Nina donge naye."

"Najua. Shule nzima inajua. Anayezijua sheria mwingine ni nani?"

"Yeye."

"Basi nenda kakae kwenye kiti."

Hoja ilikuwa: Mgomba una faida kwetu kuliko mbuni, yaani mti wa kahawa. Ukumbi ulijaa, wazazi wakakaa madirishani. Bwana Elimu aliketi mbele, kofia magotini. Mtoa hoja alikuwa Ezekieli, kijana aliyefiwa na baba mwaka uleule, na akafungua vizuri: faida si fedha peke yake, faida ni kile kinachomfanya mtu aamke kesho. Mpinzani wa kwanza, Petro, alikuwa mtoto mwenye ulimi. Ezekieli alipokuwa akiendelea, Petro akasimama.

"Shikamoo, msemaji."

"Marahaba."

"Hiyo kaptula uliyovaa ilinunuliwa kwa ndizi?"

Watu wakacheka. Ezekieli akajitazama, akasema taratibu, "Ilinunuliwa kwa kahawa. Lakini aliyeivaa amelishwa ndizi, na bila yeye kaptula ingebaki dukani." Wakacheka zaidi, hata Bwana Elimu.

Hata hivyo Petro na mwenzake walikuwa na uzito. Walitaja ada, mabati, dawa, nguo za kanisani. Walisema mgomba unamshibisha mtu pale alipo, ila mbuni ndio unaompeleka mahali. Watoa hoja hawakulijibu hilo. Nilipima moyoni, nikaona wapinzani wako mbele.

Kisha Ezekieli akasimama kufunga. Alianza kwa kurudia ya mwanzo, kama inavyotakiwa. Halafu akatazama dirishani.

"Baba yangu yuko kibanjani, shambani kwetu nyumbani," akasema. "Sisi hatuzikwi barabarani wala sokoni. Tunazikwa kwenye migomba. Mama anapopalilia, anamsalimu. Mnaniuliza mgomba unanipeleka wapi. Haunipeleki popote. Unanibakiza na baba."

Wanawake madirishani wakafuta macho kwa khanga. Mzee mmoja akasikitika kwa Kinyambo, "Waitu, huyu mtoto." Reli iligongwa mara mbili na hakuna aliyeisikia.

Lakini sheria inasema anayefunga haruhusiwi kuleta jambo jipya. Na si sheria ya ukorofi. Imewekwa kwa sababu baada yake hakuna wa kumjibu. Nilimtazama Petro. Alikuwa ameinuka nusu, mkono kichwani, mdomo wazi, na mwenzake anamvuta shati akae. Nilijua alichotaka kusema, maana kila mtu wa Karagwe anakijua: mbuni nao umo kibanjani, katikati ya migomba ileile, na makaburi yale yako chini ya vyote viwili. Alikuwa na jibu, lakini zamu yake ilikuwa imekwisha, na wakati wa kufunga taarifa haziruhusiwi.

Nilisimama. Nilijiuliza, na bado najiuliza, kama Ezekieli angefundishwa na mtu mwingine ningeona kosa lile upesi vile. Nadhani ningeliona. Siwezi kuapa.

"Maneno ya mwisho ya mtoa hoja ni mazuri kuliko yote tuliyosikia leo," nikasema. "Lakini ni mapya, na mapya hayahesabiwi. Wapinzani wameshinda."

Mnong'ono ukapita ukumbini, na neno moja la Kinyambo nikalisikia wazi kutoka dirishani. Maana yake ni wivu. Sikuweza kumlaumu aliyelisema.

Ndipo Klemensi akasimama. Nilijua anakuja kunimaliza, na nilikuwa tayari, karibu nifurahi.

"Mwamuzi amesema kweli," akasema kwa ile sauti yake. "Kijana hakukosa. Ni mimi ambaye sikumfundisha sheria hiyo. Petro, njoo nikupe mkono."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Uamuzi wangu, ambao dakika ile ulikuwa wivu, ukageuka kuwa haki kwa sababu yeye ameukubali. Bwana Elimu akaweka kofia chini ili apige makofi vizuri.

Aliyechaguliwa kwenda kozi ni Klemensi. Jioni ile nilibaki ukumbini nikipanga madawati. Mwalimu Mkuu akapita.

"Umefanya kazi yako," akasema.

"Na yeye?"

"Naye amefanya yake. Na ya kwako kidogo."

Klemensi alirudi akiwa mwalimu mkuu, halafu mkaguzi. Alikuja kunikagua mara kadhaa na kila mara aliandika mema. Nilitamani aandike baya moja, nipate pa kushika. Niliamua midahalo mingi baada ya ule mpaka nilipostaafu, na sikumbuki mtu aliyelalamika tena. Kwa mwalimu kijana ninayo maneno haya tu: ukiwa na donge na mtu, usikikimbie kiti cha mwamuzi, lakini usitegemee kwamba kukikalia kutakuponya.

Majuzi walikuja walimu wawili vijana hapa nyumbani, waendesha midahalo wa shule zao. Walinisalimu vizuri, wakaketi, wakataka niwafundishe zamu za wasemaji na sheria ya kufunga. Tulikaa mchana mzima. Waliuliza maswali ya maana, nami nikajiona kama nina miaka thelathini. Walipoaga nikawauliza nani aliwaelekeza kwangu.

"Mzee Klemensi," wakasema. "Alituambia kwa sheria za mdahalo tusiende kwa mwingine, tuje kwako."

Niliwasindikiza mpaka barabarani. Nilifurahi sana, kisha nikakumbuka nani amenipa furaha hiyo, nikarudi ndani polepole.